Kiapo cha Mwakilishi na Dhamiri ya Mwanaharakati

Mwanaharakati anapochaguliwa kuingia katika chombo cha kutunga sheria, huapa kuilinda katiba ambayo hadi jana yake alikuwa akilalamika kwamba watawala hawaitekelezi, na hapo huzuka swali la kifalsafa: kiapo humfunga mtu katika matendo ya utumishi wake tu, au humfunga katika imani yake pia? Ni nadra maswali ya namna hii kuamuliwa na mahakama, lakini hili liliamuliwa katika kesi ya Julian Bond wa jimbo la Georgia, Marekani.

Bond, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse mjini Atlanta aliposhiriki mwaka 1960 kuandaa migomo ya kuketi, yaani utaratibu wa Weusi kukaa katika migahawa iliyowabagua na kukataa kuondoka hata wakinyimwa huduma. Mwaka huohuo iliundwa Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Zisizo za Vurugu, ambayo baadaye alisimamia mawasiliano yake. Mwaka 1965, maeneo ya uchaguzi ya Georgia yalipogawanywa upya, aligombea huko Atlanta akashinda kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo.

Siku chache kabla ya kuapishwa, Januari 1966, kamati hiyo ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond alipoulizwa na mwandishi wa habari, alisema analiafiki. Wabunge hawakumshtaki kwa kukataa kuapa, kwani alikuwa tayari kuapa, bali walidai kwamba mwenye maoni kama yale hawezi kuapa kwa moyo safi, na kwa kura 184 dhidi ya 12 wakamnyima kiti. Baraza lilijitwika kazi ya kupima nia iliyo kifuani mwa mtu, kazi ambayo waumini wa dini nyingi humwachia Mungu, ilhali wengi wa wapimaji hao (na hili lisisahaulike) waliiapia katiba ileile huku wakitetea ubaguzi ambao mahakama zilikuwa zimekwisha kuukataza.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu ya kauli moja iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwamba sharti la kiapo haliwapi wabunge walio wengi mamlaka ya kupima unyofu wa mwenzao, na kwamba mwakilishi ana wajibu wa kutoa msimamo wake katika masuala yenye utata ili waliomchagua wamwelewe.

Hukumu hiyo, hata hivyo, ilimlinda Bond dhidi ya wenzake tu. Haikumlinda dhidi ya kazi yenyewe ya ubunge. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, katika mhadhara wake wa mwaka 1919 mjini Munich, alitofautisha maadili ya imani, ambayo humtaka mtu atende haki bila kujali litakalofuata, na maadili ya uwajibikaji, ambayo humtaka ajibu kwa matokeo ya tendo lake. Ubunge ulimvuta Bond kwenye maadili haya ya pili: baada ya kuhamia Seneti ya Georgia mwaka 1975, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipigania Atlanta ipate eneo la uchaguzi wa Bunge la Marekani lenye Weusi wengi, jambo lililohitaji ramani, hesabu za kura na maafikiano na mahasimu. Mwaka 1986 aligombea mwenyewe kiti cha eneo hilo, akashindwa na John Lewis, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ileile ya wanafunzi. Kwa hiyo, anayetaka kuipima kazi ile kwa kipimo cha matokeo, kama Weber alivyotaka, hana budi kwanza aamue kama ushindi wa Lewis uhesabiwe kuwa tunda la jasho la Bond.