Jumatano: Ukingo wa Dari na Shimo la Matofali

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu alimwagiza nini mtu ajengaye nyumba mpya, na kwa sababu gani?

Mwisraeli akiacha dari bila ukingo, na mtu akaanguka, alikuwa na hatia ya damu. Hakuulizwa kama alikusudia. Alitakiwa aione hatari kabla mgeni hajaanguka.

Kwetu Tarime na Serengeti hatupumziki juu ya bati. Lakini twafyatua matofali na kuliacha shimo. Mvua za masika hulijaza, na kwa muda wa wiki moja hadi mbili yai la mbu huwa mbu kamili. Usiku mbu huyo hautafuti mlango wa mwenye shimo. Aweza kumwuma mtoto wa jirani, au mama mjamzito. Kisha Sabato twamwombea mgonjwa, na shimo liko wazi.

Sala na jembe havipingani. Fukia shimo. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Tafakari: Ni hatari gani nyumbani kwako ambayo jirani ndiye anayeilipia? Je, utaiondoa kabla ya Sabato ijayo?