Udongo Uliotoka Kitaluni Kwangu

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai ya Boito, huku Bomet, jirani yangu mwalimu mstaafu alinipigia simu akasema neno moja tu: "Njoo." Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kizimba cha wavu barazani kwake. Kinyonga jike alikuwa chini kwenye udongo, mahali ambapo aina yake haishuki ovyo. Mdomo ulikuwa wazi. Vidole vyake, ambavyo siku zote hubana kijiti kama koleo, vilikuwa vinafumba na kufumbua bila kushika kitu. Kijani chake kilikuwa kimegeuka weusi wa majani ya chai yaliyokwisha kukaushwa. Dume alikuwa bado tawini, lakini anatetemeka, na mkia wake umelegea.

"Mwalimu, umepulizia nini?"

"Ni pareto tu, mama. Si sumu, ni ua."

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, na pia kwa sababu udongo wa kile kizimba ulitoka kwangu, na pampu aliyopulizia ilikuwa yangu.

Vinyonga wale hakuwaokota tu kwenye ua wa nyumba. Alikuwa na kibali, kwa maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfungia mnyama wa porini nyumbani bila idhini ya shirika la wanyamapori la Kenya, KWS. Aliwaomba ili awafundishie watoto, kwa kuwa huku kwetu mtoto hukua akimkimbia kinyonga, na mwingine humpiga mawe. Walikuwa wa ile aina ya nyanda za juu inayoitwa kwa jina la Höhnel, yule mwanamaji aliyesafiri na Teleki mwaka 1887 na 1888: kofia ya mfupa kichwani, kipembe kifupi puani, na magamba yanayoning'inia kidevuni kama ndevu. Aina hii haitagi. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa hai, hata wakaweza kuishi kwenye baridi ambayo ingeyaua mayai ardhini.

Kizimba alikitengeneza vizuri. Fremu ya mbao, wavu pande zote, na ndani yake mimea hai ili wanyama wajione wako kichakani. Aliponijia kuomba udongo, nilimpa ule mzuri kuliko wote niliokuwa nao: udongo wa kitalu uliochanganywa na mboji na majani yaliyooza. Sikufikiri kwamba ndani yake nilikuwa nampa na wapangaji: vijinzi vya udongo.

Anayeotesha vipandikizi vya chai chini ya nailoni anavijua vijinzi hivi. Ni vyeusi, vyembamba, miguu mirefu, vinaruka kwa kuyumbayumba na kutua tena palepale kwenye udongo. Haviumi, wala havinyonyi damu. Maisha yao karibu yote yako chini: jike moja huweza kutaga mayai hata 200 kwenye udongo mbichi, mabuu yakatoka, meupe, yanayong'aa, yenye kichwa cheusi kama ncha ya kalamu, yakala ukungu na majani yanayooza. Ukungu ukipungua huanza kutafuna vijizizi vya mimea. Kwenye joto la wastani, safari ya kutoka yai hadi kijinzi huchukua wiki tatu au nne. Katika baridi yetu huchukua muda zaidi. Kile kinachoruka puani mwako ni mwisho tu wa safari hiyo, na huishi siku chache.

Kwa kinyonga mzima, vijinzi hivi havina madhara yoyote. Watoto wa kinyonga huvila. Aliyekuwa akisumbuka ni mwalimu, na hasa mkewe, kwa sababu viliingia hadi kwenye kikombe cha chai. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Jioni ile ya kupulizia tulikuwa tunatafuta starehe yetu wenyewe, si afya ya mnyama, na tungejiuliza hilo mapema tusingekuwa na haraka. Mwalimu alipolalamika kwangu, nilimwambia, "Chukua pampu." Sikuuliza ataweka nini ndani yake.

Kuhusu pareto, namwelewa. Imelimwa kwenye nyanda zetu za juu tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa ua hilo. Tumezoea kuiona ikikauka juani na tukaihesabu kuwa kitu cha nyumbani. Lakini sumu yake hupiga mishipa ya fahamu. Ng'ombe au mtu mwenye damu moto huivunja upesi mwilini. Kinyonga hana moto wake mwenyewe. Joto lake ni joto la hewa, na usiku wa Julai hapa Boito mwili wake wote huenda polepole. Tena sumu ya pareto ina tabia ya kuuma zaidi palipo na baridi. Na dawa nyingi za pareto za dukani zimeongezwa kemikali ya pili, ambayo kazi yake ni kuuzuia mwili wa mdudu usiivunje ile ya kwanza. Na mwalimu alipulizia saa moja jioni.

Halafu kuna namna kinyonga anavyokunywa. Humuoni akiinamia bakuli. Hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani. Kwa hiyo kila jani lililopata dawa lilikuwa kikombe chake cha asubuhi, na kila kijinzi kilichokuwa kinakufa na kuyumba mbele ya macho yake kilikuwa kifungua kinywa.

Tuliwatoa. Daktari wa mifugo alituambia kwa simu tuwaoshe kwa maji ya vuguvugu yanayotiririka taratibu, tusiwasugue, kisha tuwaweke mahali penye hewa safi na joto kiasi, kwenye matawi yasiyowahi kuguswa na dawa. Dume alikunywa siku ya pili. Jike alikufa siku ya tatu, tumbo likiwa limejaa watoto. Mwalimu alimzika chini ya ua wa nyumba, na kwa wiki nzima hakuwaruhusu watoto wa shule kuja barazani.

Siku kumi baadaye vijinzi vilikuwa vimerudi. Dawa ilikuwa imeua vilivyokuwa vinaruka. Mayai, mabuu na pupa vilivyokuwa chini ya udongo havikuguswa.

Tulianza upya na udongo wenyewe. Tukautoa wote, mimea tukaiosha mizizi. Kosa kubwa tulilolikuta lilikuwa maji. Mwalimu alijua kwamba kinyonga anataka matone asubuhi na jioni, na alikuwa sahihi, lakini maji yote aliyoyanyunyiza yaliishia kwenye sanduku la udongo lililokuwa chini, lisilo na tundu hata moja. Juu mnyama alikuwa na kiu, chini kinamasi. Sasa kila mmea uko kwenye chungu chake chenye matundu, sakafu ya kizimba ni wavu mtupu, na chini yake kuna sinia inayomwagwa kila siku. Matone hubaki majanini, na yanayodondoka hupita moja kwa moja. Udongo wa vyungu haupati maji mengine mpaka mwalimu achomeke kidole hadi kifundo cha kwanza na kukitoa kikiwa kikavu. Mabuu hayaishi kwenye udongo mkavu wa juu. Majani yaliyokufa huokotwa kabla hayajaoza. Alitaka kufunika vyungu kwa kokoto ndogo, nikamkataza: kinyonga akipiga ulimi kumnasa mdudu juu ya kokoto anaweza kumeza na jiwe. Tuliweka mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Kujua kama mabuu bado yapo, tunatumia kiazi, na Bomet haikosi viazi. Kata kipande kibichi, kilaze juu ya udongo upande uliokatwa ukiwa chini, kifunue baada ya siku mbili au tatu. Mabuu hukifuata. Ukiyakuta, tupa kiazi pamoja nayo, weka kingine. Vipande vyenyewe huwekwa chunguni baada ya mmea kutolewa nje ya kizimba.

Zipo pia karatasi za manjano zenye gundi, ambazo vijinzi huzipenda. Hizi ni nzuri, na ni hatari vilevile. Ulimi wa kinyonga hufika mbali kuliko urefu wa mwili wake. Akiona kijinzi kinahangaika kwenye gundi atakipiga, na ulimi wake utabaki pale. Karatasi yetu inaning'inia nje ya wavu, mbali kiasi kwamba ulimi hauwezi kuifikia.

Na kama mabuu yanagoma kuisha, kuna dawa ambayo siogopi kumtajia mtu. Ni bakteria aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, anayeitwa israelensis. Huyafanyia kazi matumbo ya mabuu ya mbu na ya jamaa zake, na vijinzi hivi vimo. Tumbo la kinyonga halimwamshi. Hapa Kenya amejaribiwa dhidi ya viluwiluwi vya mbu huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Huchanganywa na maji, yakamwagwa udongoni, si majanini, na hurudiwa kila wiki kwa sababu dawa hiyo haiui mayai wala pupa. Soma jina lote kwenye lebo. Ile ya viwavi wa kabichi ni ndugu yake, kurstaki, nayo haitakusaidia.

Kwenye kitalu changu nimepunguza maji na nimeacha kuchukua mboji isiyoiva. Pampu haitoki tena bila mimi kuuliza inakwenda wapi na imewekwa nini, hata anayeomba akiwa mtu ninayemheshimu.

Juzi nilipita kwa mwalimu jua lilipoanza kuchomoza. Alikuwa amesimama na chupa ya kunyunyizia, ananyunyiza majani ya juu tu, kidogokidogo, akingoja. Dume alisogea kwa ule mwendo wake wa kuyumba, mguu mmoja ukiwa hewani, akafika kwenye jani, akalamba tone, akatulia, akalamba jingine. Kijinzi kimoja kilipita mbele ya wavu. Mwalimu alikitazama mpaka kikapotea, akaweka chupa chini, akaingiza kidole kwenye chungu cha kwanza.