Uchungu Unaolinda

Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, mazao yanapokaribia kukomaa mkulima hulala usingizi wa mang'amung'amu. Si mbali naye imetanda ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar. Nyani na nguruwe pori hawasomi mikataba. Hawajui hifadhi inakoishia wala shamba linakoanzia. Wakiingia, huingia kwa njaa, wala si kwa uadui.

Basi ni lipi lililo halali kutendewa mgeni wa namna hiyo? Wapo wanaotega chambo cha sumu. Sumu hiyo haionyi: imefichwa ndani ya utamu, na baada ya aliyekula kufa, fisi na tai wanaoula mzoga hufa nao, ilhali hawakugusa shamba la mtu.

Muhogo mchungu una sumu pia, kwani mzizi wake ukitafunwa hutoa sianidi. Lakini sumu yake husema kabla ya kudhuru. Mnyama akiuma huonja, akionja mara nyingi huacha, akarudi porini yu hai. Si kinga kamili, bali ni kinga ya haki: chambo hudanganya, muhogo huonya.

Hata hivyo uchungu haumchagui mlaji. Mwenye shamba naye sharti auloweke siku kadhaa, auanike, autwange, ndipo ale. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame na njaa viliwafanya watu waikatize kazi hiyo, na wengine wakapatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu na usioponyeka. Aghalabu huwapata watoto na wanawake.

Kumbe kinga ina deni, na swali la maadili ni nani alilipe. Mtega sumu huwatwisha fisi na tai. Mpanda muhogo mchungu hujitwisha mwenyewe, kwa maji, jua na subira. Na hapo ndipo uadilifu wake ulipo. Ila kazi ya kuloweka na kutwanga kwa kawaida huwaangukia wanawake. Mume anayejisifu kuwa shamba lake halimuui mnyama, huku hajapata kushika mchi, naye ni nyani asiyeona kundule.