Mdudu Hai katika Sanduku la Kioo

Kumpa buibui anayefugwa mdudu aliye hai ni tendo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo mno kustahili hukumu ya maadili, ingawa ndani yake limo swali zito kuhusu mamlaka ya binadamu juu ya viumbe. Tarantula ni buibui wakubwa wenye manyoya wa familia ya Theraphosidae, na mmoja wao, Pterinochilus murinus, ambaye makazi yake ya asili yamo Kenya na Tanzania, huuzwa Ulaya na Marekani kwa jina linalotaja milima ya Usambara. Buibui hawa huishi kwa kuwinda, hivyo haki yao ya kula haina ubishi. Kinachobishaniwa ni nani anayehesabiwa kuua pale mkono wa mtu unapomdondosha nyenje mbele ya chonge zao.

Johannes Colerus, mchungaji wa Kilutheri aliyeandika wasifu wa Baruch Spinoza mwanzoni mwa karne ya 18, anasimulia kwamba mwanafalsafa huyo, alipotaka kuipumzisha akili, aliwapiganisha buibui au akawatupia nzi katika utando wao, naye akifurahia pambano hadi kuangua kicheko. Katika kitabu chake cha Maadili, kilichochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake, Spinoza hakukana kwamba wanyama wana hisia, bali alikataa kwamba hisia hizo zinamzuia binadamu kuwatumia kwa manufaa yake. Hoja hiyo inastahili heshima kwa kuwa haijifichi nyuma ya dai la kwamba mnyama ni mashine tu. Hata hivyo, haitoshi kukihalalisha kicheko, kwa sababu matumizi hupimwa kwa haja, na buibui aliye huru hakuwa na haja ya kutupiwa nzi.

Wafugaji wengi hujitetea kwa maumbile, wakisema kwamba buibui angemla nyenje huyo hata porini. Utetezi huu ni dhaifu kuliko unavyoonekana, maana porini nyenje ana nafasi ya kukimbia na buibui ana uhuru wa kungoja mdomoni mwa shimo lake, ilhali katika sanduku nafasi zote mbili zimeondolewa na mtu mmoja, ambaye kwa kuziondoa amejitwika dhamana ya viumbe vyote viwili. Hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayomtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini, inathibitisha dhamana hiyo, na papo hapo inachukulia kuwa vijidudu ni riziki ya mnyama mwingine. Lakini wapokezi hao hao wamesimulia pia habari ya nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kichuguu kizima kichomwe, akalaumiwa na Mungu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Zikisomwa pamoja, habari hizi zinaruhusu mdudu awe chakula, lakini zinakataa ahesabiwe kuwa si kitu.

Sayansi nayo imeanza kuitikisa dhana kwamba mdudu hahisi lolote. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba nyuki huvumilia mahali penye joto la kuunguza pakiwa na sukari nyingi zaidi, dalili kwamba wanalinganisha adha na faida. Sheria ya Uingereza ya mwaka huo huo ya kuwatambua wanyama wenye hisia iliwaingiza pweza na kaa, ikawaacha wadudu. Panapokuwa na shaka ya namna hii, tahadhari hutangulia.

Tahadhari hiyo inakutana na kanuni za kawaida za ufugaji, nazo hazimlindi mdudu peke yake. Windo lisizidi ukubwa wa fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili wa buibui. Lisiokotwe penye dawa za kuua wadudu. Na likibaki bila kuliwa, litolewe kabla ya siku kupita. Kanuni kubwa zaidi inahusu kujivua gamba, wakati ambapo buibui hulala chali, mwili wake laini na chonge mpya zikiwa nyeupe, naye hawezi kujitetea hata kidogo: nyenje aliyesahauliwa sandukuni humtafuna akiwa hai, na aliyekuwa mwindaji akafa kwa uzembe wa binadamu. Chonge zikishakuwa nyeusi na ngumu, ndipo alishwe tena.

Tarantula wengi, hasa wadogo, hukubali mdudu aliyeuawa muda mfupi kabla. Mfugaji mwenye buibui wa namna hiyo, na bado akachagua kumdondoshea aliye hai, amebakiwa na sababu ya tamasha pekee, nayo haitoshi kuutoa uhai wa kiumbe chochote. Kwa buibui anayekataa mzoga, windo hai linaruhusiwa, moja kwa wakati mmoja, mfugaji akiwa hapo hapo na tayari kuliondoa.