Umbali wa Haki

Bunduki ya leo hufikisha risasi mbali kuliko huruma ya aishikaye. Ndiyo maana msasi wa nyati hana budi kujiuliza, kabla ya kulenga, atawajibika hadi umbali gani.

Risasi itokayo mtutuni kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400. Njiani hupungua mwendo, hushuka, husukumwa na upepo. Muda huo humtosha nyati kupiga hatua, na risasi iliyokusudiwa moyo ikaingia tumboni. Kifo cha upesi hugeuka mateso. Naye nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, akamvamia afuataye damu, pengine mfuata nyayo asiyefyatua risasi hata moja.

Watetezi wa masafa marefu husema kuwa ustadi hufuta umbali. Lakini ustadi humtawala mpigaji, haumtawali mnyama. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikitoka hairudishwi.

Basi anyatiaye hadi karibu, na asipopata nafasi akarejea mikono mitupu, hakushindwa. Amekataa kumlipisha mwingine gharama ya shabaha yake.