Je, Upendo Ungoje Dhiki Ipite?



Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Msemo huu umewatia moyo wengi, lakini wako wanandoa wanaoutumia vibaya. Kazi ikikatika husema, "Tungoje kwanza. Mambo yakinyooka tutarudi Jumuiya, tutasali pamoja, tutasaidia jirani." Swali letu leo ni hili: je, imani na huduma ni za wakati wa neema tu, au hata ndani ya dhiki zina nafasi yake?

Sisi wa Pwani ya Kusini twalijua swali hili. Kutoka Diani na Ukunda hadi Msambweni, nyumba nyingi hutegemea hoteli. Masika yakianza, wageni hupungua na vibarua hurudishwa nyumbani. Lakini kuna miaka iliyozidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na fujo zikaenea hadi Kwale. Watu wengi wa asili ya bara waliuawa au kufukuzwa makwao, na maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Watalii wakaogopa kuja, na wafanyakazi wengi wa hoteli wakapoteza kazi. Tena mwaka 2020, kwa ajili ya korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa tangu Machi hadi Agosti, na hata makanisa yakafungwa.

Tuseme kweli: mabaya hayo hayakuwa zawadi ya Mungu. Kumwambia mtu aliyechomewa nyumba kwamba amepewa nafasi nzuri ni kumtonesha kidonda. Lakini Mungu haondoki dhiki inapoingia, wala wito wetu hauondoki. Siku ya ndoa hatukuahidiana upendo wa wakati wa mshahara. Tuliahidiana katika raha na katika taabu. Basi dhiki si likizo ya Sakramenti.

Watazameni Akula na Priskila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi kutoka Roma, na mume na mke hawa wakafika Korintho wakiwa wageni. Wangeweza kusema, "Sisi wenyewe tumefukuzwa, tusubiri." Badala yake walimpokea Paulo nyumbani mwao. Angalieni na namna walivyofanya. Hawakumpa mali wasiyokuwa nayo. Walikuwa mafundi wa mahema, naye pia ni fundi, wakafanya kazi pamoja. Baadaye, huko Efeso, walimchukua Apolo wakamfafanulia imani vizuri zaidi. Sisi makatekista twawaona hao ni wenzetu.

Hapo ndipo penye fundisho. Mwenye kupungukiwa na fedha bado ana nyumba, ana muda, ana ujuzi. Mpishi aliyeachishwa kazi hotelini anaweza kumfundisha kijana wa jirani kupika. Mwenye cherehani anaweza kuitumia pamoja na mwenzake asiye nayo. Mwaka 2020, wazazi walioongoza Rozari na sala ya Jumapili sebuleni waliona kwa macho yao maana ya maneno ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba familia ni kanisa la nyumbani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mama mmoja atauliza, "Wanangu hawajashiba, nitamlishaje wa jirani?" Ni swali la haki. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Kwa hiyo huduma huanzia ndani. Baba aliyekosa kazi, anayeshinda mnazini huku mkewe achote maji, auze mahamri na kuwaogesha watoto, asiitafute huduma mbali, ashike ndoo. Naye mama asimhesabie mumewe kila jioni mshahara usiokuja. Mwanamume aliyepoteza kazi tayari anajiona mdogo, na heshima ya mkewe ni chakula chake.

Jambo la pili: kinachotolewa kiwe cha wote wawili. Mume akigawa unga ili asifiwe Jumuiya, mke akabaki na sufuria tupu, ametoa cha mwenzake. Hiyo si sadaka ya ndoa. Wakiketi wakapatana, hata kibaba kimoja huwa zawadi ya nyumba nzima.

Na jirani asichaguliwe kwa dini au kabila. Huku kwetu jirani mara nyingi ni Mdigo Mwislamu. Mambo ya 1997 yaliingiza hofu kati ya mbara na mwenyeji, na hofu kama hiyo haiondolewi kwa hotuba. Sahani inayovuka ua, kumwangalia mgonjwa, kwenda matangani: hayo hujenga tena kilichobomolewa.

Faraja itakuja, tunaamini hivyo. Lakini nyumba iliyojifunza kupenda wakati wa njaa ndiyo itakayojua kuipokea. Jioni ya leo, kabla ya kulala, ulizaneni kwa upole:

1. Tangu shida ianze, ni huduma gani tumeiacha kwa kisingizio cha kungoja?
2. Mwenzangu amebeba mzigo gani ambao ningeweza kumpokea?
3. Tumebaki na nini ambacho sisi wawili twaweza kumgawia jirani?

Mungu azibariki nyumba zenu.