Nyumba Huelekea Wapi?

Mtu anayetaka kujengewa kabati la televisheni katika sebule yake, ambalo litashika kwa pamoja kioo cha picha, spika, king'amuzi, vitabu na mapambo machache ya nyumba, aghalabu hudhani kuwa mambo yaliyo mbele yake ni matatu tu, yaani mbao, vipimo na fedha. Na kwa kuwa matatu hayo yana taabu zake, na kila moja lina mjuzi wake wa kuulizwa, akisha kuyapatia jawabu huona amelimaliza shauri zima. Walakini liko la nne, ambalo halimo katika hesabu ya seremala wala ya muuza mbao: kabati lile likisha kusimama ukutani, viti vyote vitageuzwa kulielekea, na watu wa nyumba ile, wazee kwa watoto, watakuwa wamechaguliwa upande wa kutazama katika saa zao za faragha kwa miaka mingi ijayo. Kuuchagua upande huo ni suala la dini na la falsafa, na mwenye nyumba hulijibu akitaka asitake, hata kama hajapata kuliuliza.

Sisemi hivi kwa kuidharau kazi yenyewe, kwa maana kazi njema ya mikono ina adabu yake na elimu yake. Seremala aliye stadi hagusi msumeno kabla hajaketi. Huomba kiti, akakiweka mahali watu watakapokaa, akakaa mwenyewe, kisha akapima kwa futi kamba kutoka sakafuni hata usawa wa jicho, ambao kwa mtu mzima aliyeketi hukaribia mita moja. Kwani kioo kikipandishwa juu mno, shingo ndiyo itakayolipa gharama. Anajua kuwa kioo kiitwacho cha inchi 55 hupimwa kwa mshazari, pembe kwa pembe, na kwamba upana wake halisi ni kama sentimita 122, hivyo nafasi ya kukipokea haina budi kuzidi hapo kidogo pande zote ili joto lipate njia ya kutokea. Nyuma huacha tundu la nyaya, na tundu hilo hulipanua kiasi cha kupitisha mkono wa fundi wa umeme. Mbao nazo anazijua tabia: mninga hukubali randa na haupindi ovyo, mvule hustahimili mchwa, na mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, ziitwazo MDF, ni nyororo na bei yake ni nafuu, lakini unyevu wa masika wa pwani ukiziingia kingoni hufura, na zikisha kufura hazirudi. Na katika nyumba za mawe za kale za Lamu na Unguja anakutana na sharti jingine alilowekewa na mababu, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nao aghalabu hauzidi mita tatu. Ukiondoa kina cha kabati na kina cha kiti, mtazamaji hubakiwa na mita mbili au chini yake, na kioo kikubwa kupita kadiri humfanya ageuze kichwa huku na huku kufuata picha.

Boriti hizo zanikumbusha kuwa ukuta wa kutukuzwa si jambo geni kwetu. Katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate za karne ya 18, kuta za ndani zilipambwa kwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizotiwa nakshi za chokaa, na humo zikawekwa sahani na bakuli za China na vitu vingine vya thamani, ili neema ya nyumba ionekane. Naye Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi akiililia Pate iliyoanguka, hakuziacha zidaka hizo. Alizitaja katika maombolezo yake na kuonyesha jinsi mahali pa vyombo vya fahari palivyogeuka kuwa malazi ya ndege. Kwa hiyo mshairi huyo aliona kitu ambacho sisi wa leo tunapaswa kukiona: ukuta ambao watu wa nyumba huupa taadhima ni ushahidi wa mapenzi yao, na wakati ukipita, ushahidi huo husomwa na watu wasiowajua.

Hata hivyo zidaka zilikuwa na staha moja ambayo kabati la leo halina. Zilinyamaza. Mtu aliweza kuzipa kisogo na kuzungumza na mwenziwe, na sahani za China zisikatize maneno yao. Kioo cha televisheni hutaka uso, na kikisha kupata uso hutaka ukimya, na kikisha kupata vyote viwili hutaka saa. Na hapo ndipo suala letu linapoanza kuwa zito.

Je, burudani ina haki ya kudai kitu kikubwa hivyo? Wenye hekima wa zamani hawakuikataa, bali waliiwekea mpaka. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alikanusha kuwa michezo na starehe zaweza kuwa lengo la maisha ya mwanadamu, akasema kuwa mtu hupumzika kwa ajili ya kazi, kwani nguvu zake haziwezi kuendelea bila kukoma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye katika kitabu chake cha Ihya alipolijadili jambo la kusikiliza nyimbo hakufunga mlango wote. Aliona kuwa moyo ukilazimishwa jambo zito bila ya nafasi hupofuka, na kwamba mchezo huutibu uchovu wake, lakini dawa haifai kuzidishwa kupita kipimo. Mmoja Myunani, mmoja Mwislamu, na kati yao karne nyingi. Wote wawili wanakubaliana kuwa burudani ni njia ya kufikia kitu kingine, wala haistahili kufanywa mwisho wa safari.

Lakini hoja iliyo wazi kuliko hizo naiona katika habari mbili zilizopokewa katika Sahihi ya Bukhari, zote mbili za nyumba moja. Ya kwanza ni ya siku Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake ili atazame, akasimama akimngojea mpaka alipochoka mwenyewe. Ya pili ni ya pazia lenye picha ambalo Bibi Aisha alilisitiria upande wa nyumba, na Mtume akamtaka aliondoe, kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia katika sala. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya hukumu ya picha, wala mimi si wa kuamua baina yao. Ninalolichukua ni dogo na la dhahiri. Tamasha liliruhusiwa, na mwenye heshima kuu alisimama kwa saburi ili mkewe aburudike. Kitambaa kisichosema neno kiliondolewa. Tamasha lilikuwa na mwanzo na mwisho, na mtazamaji hakuwa peke yake. Pazia lilikaa siku zote mahali ambapo moyo ulikuwa na safari yake. Basi, kwa fahamu yangu, burudani ina haki ya kuingia nyumbani kama mgeni, ikakaribishwa, ikakirimiwa, na ikaagwa. Isiyokuwa nayo ni haki ya kufanywa kibla.

Wako watakaosema kuwa salama iko katika kutokuwa na chombo hicho kabisa. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Unguja ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, na Tanzania Bara ikakaa bila ya kituo chake mpaka mwaka 1994. Na sijaona mtu akidai kwamba katika miaka hiyo yote watu wa upande mmoja wa bahari walikuwa wachaji kuwashinda wa upande wa pili kwa sababu ya kukosa picha. Moyo usiopata kioo hupata bao, karata, umbeya au hesabu ya mali, nao ukaelekea huko. Ucha Mungu uko katika kuvipanga vitu, kila kimoja kwa kadiri yake, na hapa ndipo mwenye kuagiza kabati kwa fundi anapopewa fursa ambayo mnunuzi wa samani za dukani hana: mamlaka ya kusema hiki kikae hapa na kile kikae kule.

Nimepata kumsikia seremala mmoja akishauriana na mwenye nyumba aliyemzidi umri sana. "Shikamoo mzee wangu," alimwambia, "hapa katikati nikuwekee televisheni ya ukubwa gani?" Mzee akaitikia marahaba, akasema, "Katikati weka vitabu vyangu, mwanangu. Televisheni itie ubavuni, na uifanyie milango." Fundi akamkumbusha kuwa wajukuu watalazimika kukaa upande. "Wakitaka kutazama watageuza viti," mzee akajibu, "na wakimaliza watavirudisha."

Katika jibu hilo mna fikihi nyingi. Tumefundishwa kuwa amali huhesabiwa kwa nia, na nia haipatikani pale ambapo mtu hakuamua lolote. Anayeketi mbele ya kioo kilicho wazi, rimoti mkononi, hutazama kwa sababu ameketi tu. Lakini mtoto anayelazimika kuinuka, kufungua milango ya kabati na kugeuza kiti, amekwisha kujiuliza kama anataka kutazama, na anapokirudisha kiti chake ameukiri mwisho. Bawaba nne na vipande viwili vya mbao vimemfundisha kuanza na kukoma, mafundisho ambayo waadhi mrefu huenda usingeyafikisha.

Mna pia suala la israfu, ambalo halimo katika bei peke yake. Makabati yaliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni za chogo yalikuwa na kina cha nusu mita na zaidi, yakatobolewa kwa kipimo cha chombo kimoja. Chogo kilipopitwa na wakati, kabati nalo likakosa kazi, likageuka ghala la viatu au kuni. Mninga hukua miongo mingi kabla haujafaa kupasuliwa mbao, na chombo tunachouundia nyumba huenda kisimalize miaka kumi. Kumuua mkubwa kwa ajili ya mdogo, na kisha kuwatupa wote wawili, ni dhuluma kwa mti, kwa fundi na kwa watoto watakaorithi mahali pasipo na mti wala kabati. Mwenye insafu atamwambia seremala amtilie rafu za kuhamishika, asikate nafasi kwa kipimo cha kioo cha leo pekee, na ajenge kitu ambacho siku televisheni ikiondoka kitaweza kupokea vitabu, sahani au nguo bila ya kuona haya.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wangu wanaojiandaa kwa kazi hii: kabla hamjampa fundi arbuni, kaeni na ahali zenu katika chumba hicho kikiwa kitupu, muulizane ni nini mngependa kukielekea umeme ukiwa umekatika. Mkijibu kwamba ni nyuso za ninyi kwa ninyi, viti vipangwe kutazamana na kabati lifuate viti. Mkijibu kwamba ni kitabu au msala, chombo cha picha kipishe upande huo. Na mkiona hamna jawabu, ahirisheni kabati, kwa kuwa mbao zitangoja na mninga hauozi upesi, lakini nyumba iliyojengewa mwelekeo pasipo shauri huwazoeza watoto mwelekeo huo kabla wazazi hawajatambua kuwa wameuchagua.